Raba Saba, Wasichana Kumi na Mmoja

Jumamosi, 9 Machi 1985

Mwanangu Nasima amepoteza nafasi yake ya ufungaji leo, saa kumi na dakika arobaini alasiri, mbele ya watu sitini. Naandika saa kwa sababu nilikuwa naitazama. Watu niliwahesabu wakati wa mapumziko.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kazi za kibandani. Lakini baiskeli zinaletwa na spea hakuna, na fundi asiye na spea ana muda mwingi wa kuandika.

Timu yenyewe ni Zumaridi, netiboli ya wasichana wasiozidi miaka kumi na sita, hapa hapa Ngamiani. Mwalimu wao ni Rabab binti Murtaza, Mhindi wa duka la nyuzi na vifungo, barabara ya tatu. Hana mshahara wa kazi hii wala hajaolewa, na sauti yake ni ndogo, ukiwa nyuma ya pete huisikii. Mimi husimama nyuma ya pete. Mechi tano zilizopita Nasima alipiga mara 74, zikaingia 51. Kila tatu, mbili ni za uhakika. Hakuna mtoto Tanga hii mwenye hesabu kama hiyo, na mimi humhesabia kwa sauti ili asilale.

Leo alipiga nane, zikaingia tatu. Siku mbaya kila mtu anayo. Mwalimu akainua mkono, Nasima akatoka, akaingia Gulzar, Mhindi mwenzake Mwalimu.

Lililonichoma si kutoka. Timu ina raba jozi saba, za mtumba, na wasichana kumi na mmoja. Basi Mwalimu kaweka desturi yake: anayetoka huvua raba na kumvisha anayeingia kwa mikono yake mwenyewe. Nasima kapiga magoti kwenye tope mbele ya Gulzar, kamfunga kamba mguu wa kulia, kamfunga mguu wa kushoto. Dakika nzima na sekunde kumi. Mimi nilitoka Wete na kanzu moja na koleo moja, nikajenga kibanda changu kwa mabati niliyoyanyoosha mwenyewe, na sikumpigia mtu magoti.

Kipindi cha pili Nasima karudishwa, lakini mlinzi, kule upande wa pili, mbali na pete yetu. Tumeshinda 15 kwa 14. Tulioshinda hatukuwa wote.

Hata hivyo namshukuru Mungu, hakuumia.


Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Baiskeli mbili, tairi zimekwisha zote. Nasima hataki kuzungumzia habari ya Jumamosi. Mke wangu Time anasema nimwache.


Jumamosi, 16 Machi

Mpira umepasuka. Ulikuwa mmoja tu, na madukani hakuna mwingine. Nimeuliza maduka sita. Nikadhani mazoezi yamekwisha, nikaenda kumchukua mtoto. Nawakuta wasichana kumi na mmoja wanacheza mechi bila mpira.

Sisemi wanakimbia. Wanacheza. Mmoja ananyoosha mikono mitupu, anaita jina, "Kijakazi," na Kijakazi anadaka hewa, anageuka, anaita, "Gulzar." Anayetaka kupewa lazima aonekane, anayetoa lazima ataje jina. Mwalimu anapita katikati yao akisema, "Nasima, mpira u wapi sasa?" Na Nasima anaonyesha kwa kidole.

Kando yangu alikuwa Zubeiri, mwenyekiti wa kamati ya klabu, mwenye karakana ya mbao.

"Baba Nasima," akaniambia, "hii ndiyo timu tunayoilisha? Wanacheza na majini?"

Nilicheka. Nilihesabu dakika arobaini za hewa.


Jumatatu, 18 Machi

Nimeuchukua ule mpira. Bladda ya ndani imechanika inchi mbili. Nimekata kiraka kwenye tyubu kuukuu, nikakisugua, nikakipaka solusheni ya mwisho iliyobaki kwenye kopo, ile iliyokuja kwa njia za mpakani Horohoro ambazo hatuzitaji. Nikaishona ngozi kwa uzi wa katani. Umekaa. Una kinundu kidogo upande mmoja, lakini unadunda.


Jumanne, 19 Machi

Saa tisa wamekuja kibandani wasichana wote kumi na mmoja, wamejipanga. Kila mmoja kasema, "Shikamoo, ahsante kwa mpira," na kutaja jina lake. Kumi na moja shikamoo, kumi na moja marahaba. Kijakazi, yule Mdigo mrefu aliyetoka Moa anayekaa kwa shangazi yake, akaongeza, "Kinundu tumekipa jina, tunakiita Fundi."

Mwalimu alisimama ng'ambo ya barabara, hakuvuka. Kumbe ndiye aliyewatuma, lakini shukrani aliwaachia wenyewe.

Nilifurahi, siwezi kuficha. Lakini mpira ni jambo moja na nafasi ya mwanangu ni jambo la pili.


Jumamosi, 23 Machi

Maramba. Tumepanda lori la mahindi, tumefika tumelowa. Nasima mlinzi tena, dakika 40 kwa 40, hajapiga hata mara moja. Gulzar kapiga 15, zimeingia 8. Nusu na kidogo. Tumepoteza 13 kwa 16. Mimi naweza kutoa hesabu: angepiga mwanangu zile 15, zingeingia 10. Tofauti ni mbili, na magoli mawili mepesi walipewa bure na yule yule Gulzar kwa kushika mpira zaidi ya sekunde tatu. Tungeshinda 15 kwa 14.

Nilimfuata Mwalimu kwenye lori.

"Bi Rabab, una mfungaji, umemfanya mlinzi. Kwa nini?"

"Baba Nasima, wewe ni mtu wa hesabu. Magoli umeyahesabu. Umewahesabu walioshika mpira?"

"Ya nini?"

"Hesabu mechi ijayo. Wangapi wameushika kabla haujafika kwenye pete. Kisha njoo tuzungumze."

Hilo ni jibu? Mtu anauliza habari ya mwanawe anapewa kazi ya nyumbani kama mtoto wa darasa la tatu.


Jumapili, 24 Machi

Nasima ana mafua. Time kampikia uji wa pilipili manga. Unga wa ngano hatujauona wiki tatu, lakini samaki tumepata. Alhamdulillahi.


Jumamosi, 30 Machi

Mechi ya leo tumepoteza tena, na sikuhesabu walioshika mpira. Nimeandika barua kwa kamati, karatasi mbili, nakala moja ninayo. Nimeweka kila kitu kwa tarakimu. Mikwaju ya Nasima na ya Gulzar. Dakika arobaini za mazoezi bila mpira. Mechi tatu tangu mwezi uanze, kushinda moja. Na hili: "Tarehe 9 Machi mtoto wangu alipigishwa magoti mbele ya watu sitini kumvisha viatu binti wa Kihindi."

Nimempelekea Zubeiri mkononi. Alisoma amesimama, kisha akakaa akasoma tena.

"Umeandika kama wakili," akasema.

Nilirudi nyumbani nikitembea kwa raha.


Jumamosi, 6 Aprili

Kamati imekaa jana. Mwalimu Rabab ameondolewa. Mahali pake kapewa Uweso, shemeji yake Zubeiri, aliyewahi kucheza mpira wa miguu jeshini.

Sikuomba aondolewe. Niliomba Nasima arudishwe. Lakini barua yangu haikusema hivyo wazi, nimeisoma tena. Tarakimu zote, ombi hakuna.


Jumamosi, 13 Aprili

Zumaridi 34, wageni wa Pongwe 12. Nasima kapiga 40, zimeingia 27. Uweso ana kipenga na sauti ya kufika Raskazone. Kachagua saba, saba hao hao mwanzo mpaka mwisho. Nilihesabu kwa sauti, na leo nilisikika.

Time aliniuliza chakula kikiwa mezani, "Na wale wanne wengine?"

"Wepi?"

"Raba saba, wasichana kumi na mmoja. Wanne wamekaa wapi?"

Nikamwambia sikuwaona. Kweli sikuwaona.


Jumatano, 17 Aprili

Mvua siku tatu. Gulzar haji tena mazoezini. Wengine wawili pia. Raba sasa kila mmoja wa saba anakwenda nazo kwao.


Jumamosi, 20 Aprili

Nitaandika taratibu, kwa mpangilio, kwa sababu nikiharakisha nitajitetea.

Tulicheza na Muheza, hapa hapa kwetu. Tope. Uweso alikuwa na mpango mmoja: mpira wote kwa Nasima. Muheza si wajinga, wakamwekea walinzi wawili. Mimi niko nyuma ya pete. Kila alipokosa nilisema: moja, mbili. Sauti yangu ni ya mtu anayeuza sokoni, sina nyingine. Alipofika ya tano nilimwona ananitazama kabla ya kupiga. Alipiga ya sita akiwa bado ananitazama. Haikugusa hata chuma.

Tulipoteza 11 kwa 19. Watu hawajaondoka, Uweso akawapanga wasichana mstari.

"Mgosi," akaniita, maana hapa Tanga kila mtu ni mgosi, "wewe ndiye mwenye hesabu. Kakosa ngapi huyu?"

Mdomo ukajibu kabla yangu. "Tisa."

"Haya, Nasima. Kichurachura, mara tisa, pete kwa pete. Baba yako atahesabu."

Kwa asiyejua, kichurachura ni kuchuchumaa, kushika masikio na kuruka kama chura. Uwanja ule ni kama hatua thelathini na mbili. Mimi nilijifunza kazi kwa fundi wa Wete aliyekuwa akinichapa kwa spoku kila nikikosea, spoku moja kwa kosa moja, na siku zote nimesema ndizo zilizonitengeneza. Basi nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Gauni lake lilikuwa limejaa tope mpaka kifuani. Nne. Hapo sauti ilikwenda. Nilifungua kinywa, hakikutoka kitu, na Uweso akaendelea mwenyewe kana kwamba tumepokezana.

Mara ya tano Kijakazi akatoka kwenye mstari. Akachuchumaa kando ya Nasima, akashika masikio, wakaruka wote wawili.

"Wewe nani kakutuma?" Uweso akasema.

"Kosa la tatu nilimpa mpira mbovu," Kijakazi akajibu akiruka. "Na la saba pia. Nihesabie mbili."

Aliruka tano. Uweso kamfukuza timu pale pale.

Kurudi nyumbani Nasima alitembea mbele yangu. Hakukubali nimpakie kwenye baiskeli.


Jumapili, 21 Aprili

Nasima amekuja mwenyewe asubuhi nikinywa chai ya rangi. Mkononi ana nakala ya barua yangu, kaitoa kwenye sanduku la vifaa.

"Baba, hii ndiyo iliyomwondoa Mwalimu?"

"Ndiyo."

"Umeandika nilipigishwa magoti."

"Si ulipiga?"

"Sote tunapiga. Mwalimu mwenyewe ndiye wa kwanza. Kabla ya mechi anawafunga raba wote saba, anazunguka kwa magoti. Wewe huja dakika ile ile mchezo unapoanza, maana huja na saa yako." Akaigeuza ile karatasi. "Ukimfunga mwenzako kamba, lazima umwambie jambo moja uliloliona uwanjani. Moja tu. Ndiyo sababu ya kumvisha. Ungekuwa umesimama, ungempigia kelele na kila mtu angesikia."

"Na wewe Gulzar ulimwambia nini?"

"Alikuwa anatetemeka. Nilimwambia, tazama chuma cha pete, usitazame mtu aliye nyuma yake."

Mtu aliye nyuma ya pete ni mimi.

"Hukuniuliza, Baba," akasema, akarudisha karatasi mahali pake, ikiwa imekunjwa vizuri.

Time alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Kesho barabara ya tatu," akasema. "Na uvae kanzu."


Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda. Dukani kwa Murtaza rafu zilizokuwa na nyuzi rangi arobaini zina rangi nne, lakini zimefutwa vumbi. Mwalimu alikuwa anapanga vifungo kwenye kopo.

"Shikamoo, Baba Nasima."

"Marahaba. Nimekuja kwa habari ya ile barua."

"Nimeisoma. Zubeiri alinionyesha." Akaweka kopo chini. "Tarakimu zako zote ni sahihi. Isipokuwa watu walikuwa hamsini na tisa. Mmoja uliyemhesabu ni wewe."

Sikujua kama nicheke. Yeye alicheka, kidogo.

Nilimwambia nilichofanya. Nilimwambia ya Jumamosi. Nilipofika pa kichurachura aliondoa macho kwangu akatazama rafu. Kisha akainama chini ya meza akatoa daftari, la karatasi za kufungia bidhaa, zilizoshonwa kwa uzi mweusi.

"Na mimi naandika," akasema. "Kila mtoto mstari mmoja, kila wiki. Gulzar: anaogopa mpira wa juu, baba yake mgonjwa, usimkawize. Kijakazi: hajala mchana, mpe kazi ya kukaa mpaka shangazi atoke sokoni. Huyu hapa wako. Soma mwenyewe."

Mwandiko mdogo, wa mtu anayetunza karatasi. Nilinakili neno kwa neno:

"9 Machi. Nasima. Mkono mzuri kuliko wote. Hukosa baba akihesabu. Kati ya mipira minane alitazama nyuma ya pete mara sita. Apelekwe upande wa pili mpaka baba apoe."

Nilisoma mara mbili. Niliketi juu ya gunia bila kukaribishwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia uhesabu walioshika mpira."

"Hiyo si habari hii."

"Ndiyo hii. Ukitaka kuhesabu walioshika mpira huwezi kusimama nyuma ya pete, huwaoni. Lazima uende katikati ya uwanja." Akafunga daftari. "Nilikuwa natafuta njia ya kukuhamisha bila kukuaibisha. Wewe ndiye mzazi pekee anayekuja mechi zote. Mtu kama huyo hafukuzwi."

Niseme ukweli hapa kwa kuwa ni daftari langu. Tangu niondoke Pemba miaka ishirini na moja, hakuna mtu aliyefikiria habari yangu kwa makini kiasi hicho bila kutaka kitu kwangu. Na yeye nilikuwa nimemwandikia karatasi mbili za mashtaka.

Nikamuuliza kama atarudi.

"Wasichana wakitaka, na kamati ikiandika. Nilitolewa kwa karatasi. Kwa mdomo sirudi."

Akanipa chai. Sukari hawakuwa nayo, alinipa na kipande cha halua.


Jumanne, 23 Aprili

Zubeiri, safari ya kwanza. Nimemwambia naiondoa barua yangu.

"Karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki," akasema.

"Basi weka nyingine juu yake."

"Tutaliangalia."


Ijumaa, 26 Aprili

Nasima hataki kwenda mazoezini. Sikumlazimisha. Amekaa kibandani nami, kajifunza kunyoosha rimu. Alikosea mara kadhaa. Sijui ngapi.


Jumamosi, 4 Mei

Zubeiri, safari ya pili. "Suala linashughulikiwa." Nimeuliza linashughulikiwa na nani. Akasema, "Na wahusika." Mhusika ni yeye.


Alhamisi, 9 Mei

Leo imetoka shehena ya tyubu, wamezileta wafanyabiashara wenyewe, siku hizi imeruhusiwa. Tyubu mpya, zinanuka unga mweupe. Nimeshika moja kama mtu aliyeshika mkono wa ndugu. Kazi tisa kwa siku moja. Alhamdulillahi, na tena alhamdulillahi.


Jumamosi, 18 Mei

Zubeiri, safari ya tatu. Hayupo. Nimesikia anakohoa ndani.

Zumaridi imecheza ikiwa na wasichana sita, mmoja pungufu. Sikwenda. Nimeambiwa 6 kwa 30.


Jumanne, 21 Mei

Ramadhani. Masika yamelegea. Nasima ameniambia kwamba mwaka jana mwezi kama huu Mwalimu hakuwakimbiza waliofunga. Aliwaweka duara, wamekaa chini kivulini, wanapeana mpira wamefumba macho, kwa kutajana majina. Mwenyewe saumu haikumlazimu, maana alikuwa mgonjwa mwaka ule, hakufunga, lakini mbele yao hakunywa hata maji. Hiyo nimeiandika ili isipotee.

Uweso katangaza mazoezi kama kawaida, saa kumi.


Jumatatu, 27 Mei

Zubeiri, safari ya nne. "Baada ya Idi." Lakini majina ya timu na ya mwalimu wake kwa mashindano ya mkoa yanapokelewa mwisho Jumamosi tarehe 8 Juni, saa kumi alasiri. Idi ni tarehe ishirini au karibu yake. Nimemwonyesha tofauti kwenye kalenda yake mwenyewe. Akageuza kalenda ukutani.


Jumamosi, 1 Juni

Nasima kavaa gauni la michezo saa tisa na nusu. Kasema, "Baba, leo njoo. Lakini simama katikati."

Nilikwenda nikasimama kwenye mstari wa kati, mikono nyuma.

Uweso alikuwa na mpira kwapani, ule wangu, kinundu kikionekana. Wakaja wasichana. Si sita, si saba. Kumi na mmoja, pamoja na Gulzar na Kijakazi na wale ambao majina yao sikuwa nimeyashika. Wenye raba wakazivua, wakazipanga katikati ya uwanja, jozi saba. Halafu saba wakaingia, na wale wanne wakapiga magoti kuwavisha, na nilikuwa karibu kiasi cha kuona midomo inatembea. Jambo moja kila mmoja.

"Haya, chukueni mpira," Uweso akasema.

Kijakazi akasema, "Ahsante, Mwalimu. Tunao."

Wakaanza. Walikuwa wamefunga, hivyo walicheza kwa kutembea. Hakuna vumbi, hakuna kelele, majina tu. "Gulzar." "Nasima." "Kijakazi." Mikono mitupu inanyooka, mikono mitupu inadaka. Uweso akapuliza kipenga mara tatu, hakuna aliyegeuka. Watu waliokuwa wanapita wakasimama.

Nikaanza kuhesabu, kimoyomoyo, kama nilivyoambiwa mwezi wa tatu. Si magoli. Walioshika. Mmoja, wa pili, wa tatu. Mpira ulipita kwa saba wote kabla haujafika kwenye pete, kisha Gulzar akatoka, akapiga magoti, akamvisha msichana anayeitwa Mwanahamisi, na mpira ukaendelea. Nilipofika wa nane niligundua kwamba sihesabu majina yanayoitwa. Naangalia mpira. Nilikuwa nauona ulipo, kila mara, na nilijua unakwenda wapi kabla jina halijatajwa.

Wote kumi na mmoja waliushika. Nasima alipiga mwisho. Sijui kama uliingia. Alitazama chuma, hakunitazama mimi.

Uweso aliuweka mpira chini, polepole, karibu na miguu yangu.

"Wazimu huu mimi sikufundishwa, mgosi," akasema.

"Wala mimi," nikamjibu. Sikumchukia. Naye kuna aliyemchapa kwa kitu fulani.

Nikauokota mpira. Hakuna aliyeuomba mpaka magharibi inakaribia.


Jumatano, 5 Juni

Zubeiri, safari ya tano, juzi Jumatatu. Uweso kamwambia haendelei. Zubeiri kasema, "Basi tutaona." Nimemwambia nimechoka kuona, sasa nataka kusoma. Leo nimempelekea barua hii mkononi, na ameitia sahihi kwamba kaipokea, saa tano na robo asubuhi. Nakala:

"Bwana Mwenyekiti,

Tarehe 30 Machi nilikuandikia karatasi mbili za tarakimu. Zilikuwa sahihi na zilikudanganya, kwa sababu nilihesabu nilichokiona kutoka mahali pabaya. Narekebisha.

Niliandika kwamba mtoto wangu alipigishwa magoti. Sahihi ni kwamba Zumaridi ilikuwa na watu kumi na wawili, na wote kumi na wawili walipiga magoti, wa kwanza akiwa mwalimu.

Niliandika dakika arobaini za mazoezi bila mpira. Sahihi ni kwamba wakati Tanga nzima haina mpira wa kununua, mwalimu mmoja hakuwaambia watoto waende nyumbani.

Niliandika ushindi mmoja katika mechi tatu. Sikuandika kwamba wasichana walikuwa kumi na mmoja mwezi wa tatu na kumi na mmoja siku aliyoondolewa. Wiki sita baadaye walikuwa sita.

Mimi nimejifunza kila ninachokijua kwa kuchapwa, nikadhani ndiyo bei yake. Mwalimu Rabab binti Murtaza amemfundisha mwanangu bila bei hiyo, na amenifundisha na mimi, ambaye sikuwa kwenye orodha yake. Nashukuru, na nimetia sahihi. Wasichana kumi na mmoja wametia sahihi chini yangu, na wazazi wanane. Wawili waliobaki hawajui kuandika, wameweka dole gumba.

Nimekuja kwako mara tano. Umenijibu: tutaliangalia, linashughulikiwa, kikohozi, baada ya Idi, na tutaona. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni jibu.

Swali ni hili moja. Je, kamati inamrudisha Mwalimu Rabab, kwa maandishi? Fomu ya mkoa ninayo, majina kumi na moja yamejazwa, nafasi ya mwalimu ni tupu. Nitakuwa kibandani kwangu tangu asubuhi, na baiskeli iko tayari kuipeleka. Andika ndiyo, au andika la. Jibu nalitaka kabla ya saa tisa alasiri, Jumamosi hii, tarehe 8 Juni."